Dresa, Mganga na Mhudumu: Historia ya Dawa ya Malaria katika Vijiji vya Tanzania

Katika makala haya nataka kueleza jinsi dawa ya malaria ilivyofika, au ilivyokosa kufika, mikononi mwa watu wakaao mbali na hospitali katika nchi iliyokuwa chini ya Wadachi, ikaitwa Tanganyika baada yao, na leo ni Tanzania Bara. Watu walioichukua dawa hiyo mpaka kijijini wameitwa kwa majina mbalimbali: dresa, mganga msaidizi, mhudumu wa afya. Majina hayo si mapambo. Kila moja limebeba mamlaka fulani, na aghalabu limemnyima mwenye jina mamlaka nyingine. Kwa hiyo mchunguzi wa lugha na mchunguzi wa historia ya uganga wana jambo la kuambizana hapa, ijapokuwa kwa desturi kila mmoja hukaa chumbani mwake.

Yafaa kuanza na ugonjwa wenyewe. Neno malaria ni geni. Asili yake ni Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Lakini homa hiyo ilijulikana pwani na bara kabla neno halijafika. Waswahili walisema homa, neno lililotoka katika Kiarabu. Walisema homa ya vipindi kwa ile ijayo na kuondoka kwa zamu, kitapo kwa mtetemeko wa baridi, bandama kwa uvimbe wa ubavu wa kushoto, na mkunguru kwa homa impatayo mgeni afikapo katika nchi asiyoizoea. Neno hili mkunguru lastahili kutazamwa kwa makini. Ndani yake mna habari kwamba mwenyeji na mgeni hawaugui sawasawa, na ndivyo ilivyo hasa: aliyeumwa na mbu wa malaria tangu utotoni, akaugua na kupona mara nyingi, hupata kinga isiyo kamili, na mtu atokaye milimani au ng'ambo hana kinga hiyo. Mabingwa walihitaji miaka mingi ya kupima damu ili kulithibitisha jambo ambalo neno moja lilikuwa limekwisha kulitaja.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1897 na 1898 Robert Koch, bingwa wa Kidachi, alikaa Dar es Salaam akiichunguza homa hiyo. Aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara, waliposhuka tambarare wakashikwa na homa, walisema kuwa wameumwa na mbu, na ugonjwa nao waliuita mbu. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1897 Ronald Ross, huko Secunderabad katika Bara Hindi, alikiona kijidudu cha malaria katika tumbo la mbu. Sidai kwamba Washambaa walimtangulia Ross. Kuona kuwa mambo mawili yafuatana si sawa na kuonyesha kwa darubini njia ya moja kulifikia la pili. Lakini lugha yao ilikuwa imemfunga mdudu pamoja na homa kwa jina moja, na walimu wa afya waliokuja baadaye walihangaika muda mrefu kuyaunganisha mambo hayohayo mawili katika fikira za watu.

Wadachi walikuwa na kwinini. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijaribu kuipunguza malaria mjini Dar es Salaam kwa kupima damu za wakazi na kumpa kwinini kila aliyeonekana na vijidudu. Kazi hiyo ilikuwa ya mji, na tena ya mji mkuu. Kijiji hakikuwamo katika hesabu. Dawa ya Kizungu ilifuata reli, mashamba makubwa, boma na misheni. Mtu wa siku tatu za mwendo kutoka hapo alibaki na mizizi yake, mganga wake na Mungu wake.

Badiliko la kwanza la maana kwa mtu huyo lilikuja wakati wa Waingereza. Mwaka 1926 Dkt. J. O. Shircore, mkuu wa idara ya uganga ya Tanganyika, alianzisha mpango wa madresa wa makabila. Vijana walichaguliwa makwao, wakafundishwa hospitalini kwa muda kufunga vidonda na kutoa dawa chache, kisha wakarudishwa kwao kuhudumu katika vibanda vya matibabu vilivyokuwa chini ya serikali za wenyeji. Mishahara yao ilitoka katika hazina za serikali hizo. Neno dresa lenyewe lasimulia mambo mawili. Limetoka katika Kiingereza, nalo lamtaja mtu kwa kazi moja tu, kazi ya kufunga kidonda, kana kwamba aliyelitoa alitaka ijulikane tangu mwanzo kuwa huyu si tabibu. Kijijini mambo hayakwenda hivyo. Aletewaye mtoto mwenye homa hawezi kusema kuwa yeye ni wa vidonda tu. Alitoa alichokuwa nacho, na alipokuwa na kwinini, alitoa kwinini.

Kwa maoni yangu mpango huu haujapewa heshima yake. Wengi waliouandika wameutazama kama mwanzo hafifu wa zahanati, na hafifu ulikuwa kweli, kwa mafunzo na kwa vifaa. Lakini mambo matatu yaliyogombaniwa baada yake yalikuwamo tayari: mtoa dawa achaguliwe kwao, alipwe na watu wake, na asimamiwe na hospitali. Katika miaka karibu mia moja iliyofuata, kila mpango uliosimama ulishika mambo hayo yote, na kila ulioanguka uliacha moja, mara nyingi lile la malipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili fikira ziligeukia upande mwingine. Klorokwini ilikuwa imetengenezwa na Wadachi mwaka 1934, nayo ilienea Afrika baada ya vita. Lakini matumaini makubwa yaliwekwa katika dawa za kuua mbu. Chuo cha utafiti wa malaria kilichokaa Amani, katika milima ya Usambara, kilisimamia jaribio la Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Nyumba za huko zilinyunyiziwa dieldrini kwa miaka kadhaa mpaka 1959. Mbu walipungua mno, na vifo vya watoto wachanga vikapungua pia. Unyunyiziaji ulipokoma, mbu wakaanza kurudi. Katika muda huohuo, huko Mkuzi karibu na Muheza, watu walipewa pirimethamini ili kuizuia homa, na haikupita miezi mingi kabla vijidudu kuizoea dawa hiyo. Katika majaribio yote mawili mwanakijiji alikuwa ni mtu wa kunyunyiziwa nyumba na kumezeshwa kidonge. Hakufundishwa kumtambua mgonjwa wala kumtibu. Yamkini hii ndiyo sababu kazi hizo hazikuacha kitu kijijini zilipokwisha, isipokuwa takwimu nzuri.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na Azimio la Arusha likatangazwa mwezi wa Februari 1967. Siasa ya vijiji vya ujamaa ililazimisha swali la zahanati kuulizwa upya, kwa sababu serikali ilipowaita watu wakae pamoja iliwaahidi maji, shule na matibabu. Mwaka 1973 kukawa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vitabu vidogo vya Kiswahili chepesi, kisha wakazungumza na kukata shauri la kufanya. Malaria ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa, pamoja na kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Watu walifyeka majani, walifukia madimbwi, na hasa walichimba vyoo kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana kabla ya hapo.

Jina la kampeni lilikuwa fasaha kwa namna ambayo majina ya mipango huwa si fasaha. Maneno matatu, hakuna kitenzi ila ni, na sura yake ni ya methali. Wala sioni kuwa ni bahati tu kwamba lilidumu katika vinywa vya watu kupita majina ya mipango iliyokuja nyuma yake. Hata hivyo kampeni ilikuwa ya kukinga. Mtoto aliyeamka na homa usiku wa manane hakusaidiwa na dimbwi lililofukiwa jana.

Mtu wa kumsaidia mtoto huyo alitafutwa katika miaka iliyofuata. China ilikuwa imetangaza habari za matabibu wake wa miguu mitupu tangu 1968, na mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 uliyapa mawazo hayo kibali cha dunia nzima. Tanzania ilikuwa imekwisha kuanza kuwafundisha wasaidizi wa vijijini, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 kazi ikapangwa kitaifa. Mhudumu wa afya wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenzake, akafundishwa kwa miezi michache, akapewa kisanduku. Ndani yake mlikuwa na dawa za mwanzo za kawaida, na kubwa kati ya hizo ilikuwa klorokwini.

Ilikuwa dawa rahisi kwa bei na kwa hesabu: vidonge vinne siku ya kwanza kwa mtu mzima, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu, mtoto kwa kadiri ya umri wake. Lakini ilikuwa chungu mno, nayo iliwawasha watu wengi mwili mzima, hata wengine wakaiacha baada ya siku ya kwanza homa ilipotulia. Mhudumu alikuwa na kazi ya kurudi nyumba kwa nyumba kuhakikisha vidonge vyote vimemezwa. Kazi hii ya kurudi ndiyo ambayo daktari wa wilaya asingaliweza kuifanya hata angalipewa gari kumi.

Nani alimlipa? Neno lililotumiwa ni kujitolea. Kitenzi hiki ni cha heshima: mtu hujitoa, hujitoa kwa ajili ya wengine. Lakini katika nyaraka za mipango ya afya neno hilo lilipata maana ya pili, maana ya kufanya kazi bila ujira, na maana hii ya pili ilijificha nyuma ya ya kwanza. Kijiji kilitarajiwa kimlipe mhudumu kutoka mfuko wake. Miaka ile ya 1980 ilikuwa miaka ya dhiki. Mifuko ya vijiji ilikuwa mitupu, na masanduku yalipokwisha dawa hayakujazwa. Serikali na wafadhili walipeleka makasha ya dawa kila mwezi katika zahanati na vituo vya afya, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini kasha halikuvuka mlango wa zahanati. Wahudumu wengi waliacha kazi. Wengine wamewaandika kama watu waliokosa moyo. Mimi naona kuwa mwenye watoto na shamba, aliyefanya kazi miaka mitatu bila shilingi, hakukosa moyo.

Kenya nayo ilikuwa na habari ya kusimuliwa. Huko Saradidi, katika Siaya karibu na Ziwa Nyanza, jumuiya ilianzisha kazi ya afya mwishoni mwa miaka ya 1970, na wasaidizi wa vijiji wakatoa klorokwini kwa kila aliyeihitaji. Watu waliipokea vizuri, na dawa ilikuwa karibu. Walakini wachunguzi walipohesabu vifo, katika matokeo yaliyochapwa mwaka 1987, hawakuona upungufu uliodhihirika. Miaka 13 baadaye, mwaka 2000, yalichapwa matokeo ya kazi nyingine iliyofanywa Tigray, kaskazini ya Uhabeshi, kwa dawa ileile ya klorokwini. Huko akina mama walichaguliwa kuwafundisha akina mama jirani zao kuitambua homa na kutoa dawa nyumbani bila kukawia, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 40.

Nchi hizi mbili si sawa. Malaria ya Siaya ni ya mwaka mzima, na ya Tigray ni ya majira. Wala nguvu ya klorokwini haikuwa moja kila mahali. Lakini nadhani tofauti ya saa nayo ilikuwa na kazi yake. Malaria ya falsiparamu yaweza kumchukua mtoto katika siku moja au mbili. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwezi wa Aprili 2000 waliweka shabaha kwamba angalau asilimia 60 ya wagonjwa wapate matibabu ndani ya saa 24. Dawa iliyo kwa msaidizi, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, iko karibu mchana. Usiku wa mvua iko mbali.

Sasa nafika mahali ambapo lugha yenyewe iliua, ikiwa neno hili si kali mno. Katika miaka ya 1990 wachunguzi waliofanya kazi Bagamoyo waliuliza watu majina ya homa. Waligundua kwamba homa ya malaria, katika usemi wa huko, ilikuwa homa ndogo ya kawaida, itibiwayo kwa klorokwini. Degedege ilikuwa jambo jingine kabisa. Mtoto anapokakamaa, akageuza macho na kutupa mikono, hakusemwa kuwa ana malaria. Alisemwa kuwa ana degedege, na degedege haikuwa ugonjwa wa hospitali. Kamusi za zamani, pamoja na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinatuonyesha mzizi wa mambo: dege ni ndege mkubwa, na ni nondo adhaniwaye kuwaletea watoto mabaya, na ni huo mtukutiko wenyewe wa mtoto. Kwa hiyo mama alijua adui ni nani, na alijua pa kwenda. Mtoto alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, au aliogeshwa dawa za miti kwa mganga. Tena wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hii haikuwa upumbavu. Watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na malaria ya ubongo walikuwa mahututi, wengi walikufa, na jambo la mwisho lililoonekana kabla ya kufa lilikuwa sindano.

Yatupasa tutazame vizuri yaliyotokea hapa. Kwa miaka mingi walimu wa afya walilitangaza neno malaria kwa bidii, wakafaulu. Neno likaenea mpaka kila kijiji. Lakini lilipofika lilipewa nafasi ndogo katika nyumba iliyokuwa na wenyewe. Likawa jina la homa nyepesi, na magonjwa mazito yaletwayo na kijidudu kilekile, yaani degedege, bandama na upungufu wa damu, yakabaki na majina yake na waganga wake. Mtu aliyesoma matangazo ya afya angalisema kuwa watu wameelimika, kwa kuwa kila mtu alilijua neno. Aliyejua jinsi maneno yagawanavyo mambo asingalisema hivyo upesi. Na mtu pekee aliyeweza kusimama kati ya pande mbili ni mhudumu wa kijiji, kwa sababu yeye mwenyewe alilelewa na neno degedege, na kusema kwake kwamba degedege ni malaria kali kulikuwa na uzito usioweza kupatikana katika karatasi ya ukutani.

Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Dalili za kwanza za usugu katika Afrika ya Mashariki zilionekana mwaka 1978 na 1979, na Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001, ikatumia sulfadoksini na pirimethamini, dawa ambayo wengi waliiogopa kwa habari za kuharibu ngozi. Zanzibar ilianza dawa za kuchanganywa zenye asili ya artemisini mwishoni mwa 2003, na Bara ikafuata kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007. Dawa hiyo ya Bara iliitwa dawa mseto, na kila aliyepata kula mseto wa mchele na choroko alielewa mara moja kuwa ni vitu viwili katika chungu kimoja. Katika istilahi za uganga zilizobuniwa siku hizi sijaona iliyo bora kuliko hii.

Lakini mseto haukumfikia mhudumu. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Bara, mhudumu wa kijiji alikuwa na ruhusa ya kufundisha, kupima uzito wa watoto, kuhimiza vyandarua na kuandika rufaa. Kutoa dawa ya malaria hakuruhusiwa, isipokuwa katika majaribio ya sehemu chache. Sababu zilizotolewa zilikuwa na maana: dawa ilikuwa ghali, na hofu ya usugu ilikuwa ya kweli, kama Mkuzi ilivyokwisha kuonyesha. Ila katika miaka hiyohiyo maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliruhusiwa kuuza mseto baada ya mafunzo mafupi ya wauzaji. Basi mwenye duka aliaminiwa kwa dawa, na aliyechaguliwa na kijiji hakuaminiwa.

Jaribio moja la miaka hiyo lataka kutajwa. Mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara iliwaweka katika vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga vijana waliofundishwa na kulipwa mshahara, wakaitwa Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, kwa kifupi WAJA. Jina lilibuniwa vizuri, kwa kuwa waja ni wanadamu mbele ya Mola wao, na ni watu wanaokuja. Safari hii malipo yalikuwapo, na tiba ya watoto ilikuwamo katika kazi zao. Hata hivyo vifo vya watoto havikuonekana kupungua kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa nao. Mhudumu anayelipwa lakini mfuko wake hauna dawa kwa majuma mengi hawezi kufanya zaidi ya yule asiyelipwa. Na hata dawa nzuri si yote. Mwaka 2009 ilichapwa habari ya artesunati ya kuingizwa njia ya haja kubwa, iliyojaribiwa Bangladesh, Ghana na Tanzania: kwa wagonjwa ambao hawakufika hospitali ndani ya saa sita ilipunguza kifo au kilema cha kudumu kwa nusu. Ilipotumiwa baadaye kwa upana katika Kongo, Nigeria na Uganda, faida hiyo haikuonekana, kwa kuwa wengi waliopewa hawakukamilisha matibabu waliyostahili kuyapata huko mbele.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka, tone la damu na dakika kumi na tano hivi, kimewezesha jambo hilo kufanywa chini ya mwembe. Kwa hiyo hoja ya zamani, kwamba mhudumu atagawa dawa ovyo, imepoteza nguvu nyingi. Lakini kipimo kimeleta shida mpya ya usemi. Katika Kiswahili cha kila siku malaria imekwisha kuwa jina la homa yoyote. Mtu husema ana malaria kama asemavyo ana mafua. Kipimo kinaposema hapana, mhudumu hana neno la kumpa mgonjwa badala ya lile alilomnyang'anya, na mgonjwa huondoka kwenda dukani.

Mwezi wa Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye shabaha ya kuwafundisha na kuwalipa watu zaidi ya 137,000 kwa muda wa miaka mitano, mpaka katika vitongoji na mitaa. Watu hao watakutana na homa katika Kizaramo, Kikwere, Kisambaa, Kisukuma na lugha nyingine nyingi, kila moja ikiwa na namna yake ya kugawa mtetemeko, ukakamavu, njano ya macho na weupe wa viganja. Kamusi zetu hulieleza neno degedege kwa maneno machache kuwa ni kukakamaa kwa mtoto, na hapo huishia. Hazisemi mama anayelitamka hudhani nini na huenda wapi. Orodha ya majina ya homa, iliyokusanywa wilaya kwa wilaya na kuandikwa pamoja na dalili zake, ni kazi ambayo wanafunzi wa chuo kimoja wangeweza kuifanya katika likizo mbili, na walimu wa wahudumu wangekuwa na kitu cha kuanzia mkononi kabla ya kufungua kisanduku cha dawa.